Wasee wa Voi, acheni kuonea Probox aibu

Leo naongea na makocha wa timu za mtaani, manahodha, na nyinyi mnaopanda Wundanyi kwa baiskeli Jumapili kama mmetumwa na adui. Kila msimu kuna mmoja wetu anapata kazi nzuri au chama kinamlipa, na anaamua ni wakati wa gari. Safi sana. Shida ni kwamba macho yanaenda moja kwa moja kwa X-Trail ama Forester. Ukimuuliza, anakwambia, "Barabara zetu mbaya, na si nitabebea timu vifaa?" Baada ya miezi mitatu gari imelala kwa ploti, mshale wa mafuta uko chini kabisa, na mipira inaenda mechi kwa buti ya matatu.

Hiyo sababu ya barabara mimi siikubali. Voi hadi Mwatate ni lami. Mwatate kupanda Wundanyi, lami. Mwatate kupitia Bura na Maktau mpaka Taveta, lami pia. Kama timu yako inacheza Kasigau kila wiki, hapo sawa, nunua kitu kirefu na nitanyamaza. Lakini wengi wenu murram mnaiona mkienda matanga.

Tupige hesabu basi. Voi kwenda Taveta na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Tuseme gari ya injini ya 2000 inakupa kilomita 10 kwa lita, na ndogo ya 1500 inakupa 15. Hiyo ni lita 20 dhidi ya lita 14 hivi, safari moja tu. Lita sita kila mechi ya ugenini ni pesa ya chapati na maji ya vijana. Na serikali ilishakuonyesha njia: ushuru wa bidhaa kwa gari ya petroli isiyozidi 1500 ni asilimia 20, ukivuka hapo ni 25. Tofauti hiyo unailipa wewe hata kama gari imetoka yadi ya Mombasa na hukuona karatasi yoyote.

Sasa ni gari gani? Demio ni gari poa, ila ni ya mtu na laptopu yake. Weka gunia la mipira na nyavu mbili za goli uone kama buti itafungika. Ile ya 1300 ikiwa imejaa kutoka Voi, mita kama 600 juu ya bahari, mpaka Wundanyi inayopita 1,300, utasikia injini ikilia kwenye kona.

Honda Fit watu wanaichukulia poa bure. Tanki lake liko chini ya viti vya mbele, kwa hivyo kiti cha nyuma unaweza kukilaza kabisa ama kukiinua makalio juu kama kiti cha sinema. Baiskeli ukitoa gurudumu la mbele inasimama hapo ndani bila kamba. Ila haibridi za mwanzo mniachie: Honda wenyewe waliziita zirekebishwe mara kadhaa 2013 na 2014, na gia zilikuwa kwenye kesi hiyo.

Halafu kuna Probox. Najua, "gari ya miraa". Haya, na huyo wa miraa, mtu anayehesabu kila shilingi na kila dakika, mbona hakuchagua Forester? Toyota waliitoa 2002 kwa watu wa kazi. Ile ya van imetengenezwa kubeba kilo 400 watu wawili wakiwa mbele. Kiti cha nyuma ni kama benchi ya kanisa, ndio, lakini kilaze uone: koni, jezi, njumu, nyavu, na bado kuna nafasi. Spea utapata kila mahali, na sijui fundi hapa Voi asiyeijua.

Kitu kimoja kinaniudhi, na nitakisema bila kuzunguka. Kuna makocha wanaojaza vijana tisa kwa Probox, wengine wamekunjwa kwa buti juu ya mipira, halafu wanateremka Wundanyi mguu ukiwa kwa breki muda wote mpaka zinanuka. Wazazi wamekupa mtoto wao, hawajakupa gunia. Gari ina viti vitano. Vifaa viende kwa Probox, vijana waende kwa matatu yenye mikanda, na zile lita ulizookoa zichangie nauli.

Ukienda yadi usiende mikono mitupu. Beba nyavu, beba gunia la mipira, beba na baiskeli yako. Pakia kabla hujaongea bei. Muuzaji akikataa ujaribu, pita yadi inayofuata.