Haloo, mnanipata? Kikao cha mseto na haki ya aliye mbali

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira kidogo, tuongelee jambo ambalo karibu kila mmoja wetu ameshakutana nalo lakini hakuna anayeliita tatizo: kile kikao ambacho nusu ya wajumbe wako ukumbini na nusu wako hewani. Wataalamu wanakiita kikao cha mseto. Sisi mtaani tunaambiana tu, "kama huji, utaingia kwa linki."

Naongea kwa mfano ninaoujua. Kikundi chetu cha wazawa wa Choma (ni Choma cha Nkola, wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, sio ile ya Zambia) kikikutana nyumbani kupanga michango, walioko Dar, Mwanza na Muscat wanaingia kwa simu. Na kila mara ni yale yale. "Haloo, mnanipata?" "Tunakupata, endelea." "Haloo?" Dakika ishirini zinaishia hapo. Halafu, katikati ya mikwaruzo, unamsikia mwenyekiti: "Basi wajumbe, kama hakuna pingamizi tupitishe." Pingamizi lipo sana, ila liko kwenye simu ya mtu aliyekatika. Siku mbili baadaye anapokea ujumbe: mchango wako ni kiasi hiki, mwisho wa mwezi.

Hoja yangu leo ni fupi. Mtandao ukikata, watu husema "ni tatizo la kiufundi" na mambo yanaisha. Hayaishi. Kikao kikiendelea bila aliyekatika, tayari kimeshaamuliwa nani ana kauli na nani ni mlipaji tu.

Kinachoharibika ni nini hasa?

Tuanze na sauti, maana ndiyo kikao chenyewe. Maiki ya simu au laptopu imetengenezwa kwa mtu mmoja aliyekaa karibu nayo. Ukiiweka mezani kwa mwenyekiti, mjumbe wa mstari wa nyuma anafika kwa walio mbali kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Ukumbi wenyewe una bati juu na sakafu ya saruji, sauti inagonga huku na kule. Mvua ikinyesha, basi tena. Walio ukumbini hawajui kama kuna shida, kwa sababu wao wanasikilizana vizuri tu.

Pili, mwangwi. Watu watatu ndani ya chumba kimoja wote wameingia kwenye linki, kila mmoja na spika yake wazi. Sauti inatoka kwa huyu, inaingia kwa yule, inarudi tena. Kila mtu analaumu network, wakati dawa yake ni kuacha kifaa kimoja tu wazi.

Tatu ni kuchelewa kwa sauti, na hili wengi hawalioni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ukilinganisha lugha 10 za dunia ulionyesha kwamba mtu mmoja akimaliza kusema, mwenzake anadakia baada ya wastani wa milisekunde 200 hivi, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Sasa sauti yako ikichelewa nusu sekunde kwenda na nusu sekunde kurudi, utadakia vipi? Unapofungua mdomo, mjumbe wa ukumbini ameshachukua nafasi. Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, linashauri kuchelewa kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Kwa mnara uliozidiwa na watu siku ya gulio, hiyo ni ndoto. Ndio maana aliye mbali anaonekana mkimya au mkorofi: ama hasemi kabisa, ama kila akisema anamkatiza mtu.

Nne, njia ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha. Mitandao ya simu imepangwa hivyo, kwa sababu wengi wetu tunashusha video na picha kuliko kupandisha. Lakini kikao cha ukumbini kinahitaji kupandisha sauti na picha ya watu wote, na kazi hiyo mara nyingi inafanywa na simu ya kijana mmoja aliyewasha hotspoti. Akipigiwa simu tu, kwenye mnara dhaifu data inasimama. Kikao kizima kimetoweka.

Tano, bando na saa. Sauti peke yake kwa saa moja inakula makumi machache ya megabaiti. Ukiwasha video ya kundi, inaweza kufika gigabaiti nzima au kupita. Halafu Zoom ya bure inafunga kikao kikifika dakika 40, pale ajenda ya fedha inapoanza. Na mwaliko ukiandikwa "saa 4", mzee wa Choma anajua ni saa nne asubuhi. Mwenzetu wa Muscat, ambaye saa yake iko mbele kwa saa moja, anabaki kujiuliza ni saa nne ya nani.

Sio sisi tu

Msidhani ni ushamba wa vijijini. Wakati wa korona mwaka 2020 wakubwa wote walihamia hewani. Mkutano wa wakuu wa nchi za SADC wa Agosti 2020, ambao Tanzania ilikabidhi uenyekiti kwa Msumbiji, ulifanyika kwa video. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa Februari 2021 nao hivyo hivyo. Lakini mkuu wa nchi akikatika, kikao kinamsubiri. Mjumbe wa kawaida akikatika, kinaendelea.

Mahakama zetu nazo zina kanuni za mwaka 2021 zinazoruhusu mashauri kusikilizwa kwa mtandao. Faida ipo: shahidi wa Tabora hahitaji kupanda basi hadi Dar kwa maelezo ya nusu saa. Ila aliye upande wa pili wa skrini ana lake la kusema. Tarehe 24 Aprili 2025, kesi ya Tundu Lissu ilipotakiwa kuendeshwa kwa mtandao yeye akiwa gerezani, alikataa kushiriki kwa njia hiyo, na mawakili wake wakataka mahakama ya wazi. Tarehe 19 Mei 2025 akafikishwa Kisutu mwenyewe. Kesi yenyewe siigusi hapa. Ninachotazama ni swali lililojitokeza: kuonekana kwenye skrini ni sawa na kuwepo? Ukiwa umekaa mahali ambapo mwingine ndiye anawasha na kuzima maiki yako, jibu sio jepesi.

Halafu kuna yale yaliyo juu ya uwezo wa kikundi chochote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, ikaanza kurudi tarehe 3 Novemba. Aliyekuwa na kikao cha linki siku hizo, hakuwa na kikao. Kwa hiyo kikundi chochote kinachoweka katiba yake yote juu ya mtandao kinajenga juu ya mchanga.

Mnada unatufundisha kitu

Sasa angalieni kitu cha kushangaza. Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, linaendesha minada ya mazao kama ufuta na mbaazi kwa mtandao. Wanunuzi wanaweka bei wakiwa popote, wakulima wanakusanyika kwenye chama chao kuziona na kuamua wauze au wagome. Huo nao ni mkutano wa mseto. Kuna malalamiko mengi juu ya bei na mfumo wenyewe, najua. Lakini mnunuzi wa mbali hapigi kelele za "haloo, mnanipata". Kwa nini? Kwa sababu kauli yake ni namba iliyoandikwa, ina muda wa mwisho unaojulikana, na wote wanaiona. Haihitaji kudakia.

Na wazee wetu wa njia ya misafara walilijua hili kabla ya umeme. Mwaka 1871 Stanley alitumia miezi mitatu hivi kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, hapo Tabora. Tajiri wa Unguja aliyekuwa na mali Tabora hakujidanganya kwamba yupo kwenye baraza. Alikuwa na barua, na alikuwa na wakili, mtu aliyekaa pale kusema kwa niaba yake. Sultani naye alikuwa na liwali wake. Sisi tumepata simu, tukamfukuza wakili.

Tufanyeje?

Napendekeza haya, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Moja: kila kikao kiwe na wakili wa walio mbali, mtu mmoja ukumbini ambaye kazi yake ni kuwasikiliza, kusoma ujumbe wao na kunyoosha mkono kwa niaba yao. Asiwe mwenyekiti wala katibu, hao wana kazi zao.

Mbili: kila ajenda, walio mbali waanze kusema. Wakiachwa mwisho, ama bando limeisha ama mtandao umekata.

Tatu: kifaa kimoja tu kiwe wazi ukumbini, na msemaji akisogelee. Ni kero, lakini inasaidia kuliko maiki ya bei mbaya.

Nne: mtandao ukigoma, rudini kwenye simu ya kawaida. Simu nyingi zinaunganisha watu hadi watano kwenye mazungumzo ya pamoja bila data, na inakubali hata kwenye mnara wa zamani.

Tano, na hii ndiyo kubwa: jambo la fedha lisipitishwe kwa "kama hakuna pingamizi". Liandikwe, litumwe kwa wote, kura zipigwe kwa maandishi ndani ya saa 24. Aliyekatika asihesabiwe kuwa amekubali.

Najua walio nyumbani watasema: ninyi wa mbali mnachelewesha mambo, sisi ndio tunaobeba mawe na kumsimamia fundi. Wana haki. Bei ya saruji Igunga anaijua aliye Igunga, na mtu wa Muscat hawezi kuamua ukuta uanzie wapi. Basi kazi ziamuliwe na walio site. Lakini ukitaka mfuko wangu, chukua na sauti yangu. Na hii inageuka pia: kuna siku kikao kinakaa Dar, na anayeng'ang'ana na mnara ni mama wa Choma ambaye shamba lake ndilo linajadiliwa. Siku hiyo tusimwambie "mama, mtandao wako mbovu" halafu tukapitisha.

Haya wadau, kwenye vikundi vyenu mnafanyaje? Nani ana mbinu iliyokubali? Mwageni hapa chini, bila matusi tafadhali. Nawasilisha.