Almasi katika kipimo cha damu

Tukitaja almasi, ndugu wasomaji, wengi hukumbuka Mwadui. Wataalamu hutumia nyingine, za kiwandani, ndogo kuliko chembe nyekundu ya damu, tena zenye kasoro: naitrojeni na pengo kando yake. Zikimulikwa hung'aa, na mawimbi mafupi ya redio huupunguza na kuuongeza mng'ao huo, ndivyo unavyotambulika.

Mwaka 2020 watafiti wa University College London walionyesha kwamba hivyo virusi vya UKIMWI hunaswa hata vikiwa vichache mno. Kwetu, mama mjamzito aliyeambukizwa juzi huenda akaambiwa hana, maana kipimo cha kawaida hutafuta kinga za mwili, nazo bado hazijajitokeza.

Kikikamilika, tena kikitumia betri, kianzie Maneromango, Kisarawe, kabla ya hospitali ya Tumbi, Kibaha.