UNAMAINDI? SEMA "NO" UPATE KAZI

Kama uko kwenye daladala ya Igoma, umebanwa mlangoni na unasoma gazeti la jirani, endelea tu, mwenyewe hatamaindi.

Na hilo ndilo neno letu la leo. Hapa Mwanza kila kijiwe kinalo. "Mshikaji kamaindi," maana yake kakasirika. "Usimaindi, kesho nakulipa," hayo ni maneno ya mtu ambaye kesho humwoni. Halafu kuna ile ya wapenzi: ukiambiwa "yule sista anakumaindi", usikimbie kujificha, huenda anakuzimia. Hasira na mapenzi humo humo! Itabidi umtazame usoni ndipo ujue ni ipi.

Wenye neno lao, Waingereza, nao wamelipa kazi nyingi. Asili ya "mind" ni kumbukumbu, na kule Scotland mpaka leo wapo wanaosema "I mind" wakiwa na maana ya nakumbuka. "Mind the baby" ni mwangalie mtoto. "Mind your head", angalia usijigonge kichwa. Kwenye treni za chini ya ardhi za London abiria hutangaziwa "Mind the gap", yaani angalia ule mwanya kati ya treni na jukwaa. "Never mind" ni usijali, yamekwisha.

Mpaka hapo poa. Kasheshe iko kwenye "Would you mind?" Hapo ndipo nilipolizwa mimi.

Mwaka juzi nilisikia hoteli moja ya kando ya ziwa (jina kapuni) inatafuta vijana wa mapokezi. Cheti cha kidato cha nne ninacho, Kiingereza cha kuombea maji ninacho. Nikaazima shati la kaka, nikatinga. Bosi, mama mmoja mpole, akanitupia maswali mawili matatu, nikayamudu. Mwisho akauliza: "Would you mind working on Sundays?" Mimi nilichodaka ni "working" na "Sundays". Nikajibu kwa sauti ya gwaride: "Yes, madam!"

Akashangaa. "You would?"

Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha moyo. "Yes, very much!"

Kumbe mwenzenu nimeulizwa: utaona vibaya kufanya kazi Jumapili? Nami nimesema ndiyo, tena sana. Akaandika kitu kwenye karatasi, nikatoka napiga mluzi. Getini jamaa aliyeingia baada yangu akaniambia swali hilo yeye kalijibu "No, not at all." Nikamwonea huruma. Wiki iliyofuata yeye ndiye aliyekaa mapokezi.

Unaona lugha zinavyopishana? Kwetu ukimwambia mtu "naomba nikae hapa", akikubali atasema "haya, kaa". Mwingereza akiomba kwa "mind", ruhusa inatoka kwa "no". "Do you mind if I sit here?" Ukisema "yes", umemfukuza. Halafu akikwambia "I wouldn't mind a soda", usidhani hataki. Anaitaka, tena ya baridi! Ukimuuliza chai au kahawa akasema "I don't mind", ni kwamba yoyote tu itamfaa. Ukitafsiri "sijali", utamwona hana adabu bure.

Haya yote nilielezwa na kaka mwenye shati, kazi ikiwa imeshapotea. Nikaenda Mwaloni, pale Kirumba, nikamkuta mama anafunga magunia ya dagaa. Nikamsimulia.

"Kwa hiyo mwanangu, kazi uliikataa?"

"Niliikubali, mama."

"Kwa kusema ndiyo?"

"Ndiyo."

Akanitazama weee, kisha akasema nishike upande wa pili wa gunia. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa ameshamwambia mwenye nyumba kuwa kuanzia mwezi ule kodi nitalipa mimi.

Nafasi ikitokea tena nimejipanga: "No, not at all." Hata wakiniuliza jina nitajibu hivyo hivyo. Wiki ijayo, Mungu akipenda, ni zamu ya "get". Kama nimekuchosha, usimaindi.