Miaka Saba Bila Pombe, na Usiku Mmoja Kobero

Mfanyabiashara aliyeacha pombe huangaliwa sana mwaka wa kwanza. Mke anauliza, wenzake wanamwondolea chupa mezani. Mwaka wa saba hakuna anayeuliza, na yeye mwenyewe ameacha kujiuliza.

Mfikirie anayetoka Mutoyi, mkoani Gitega, akapita Muyinga hadi Kobero kufuata bidhaa Tanzania. Nyaraka zikichelewa analala mpakani, pesa mfukoni, wala hakuna anayemjua. Akirudi, mapatano yanafungwa kwa Primus, au kwa chungu cha impeke ambacho kila mmoja anatia mrija wake. Ukikataa mrija, wanaona umekataa undugu. “Moja tu, ndugu. Si ulishapona?”

Neno hilo ndilo linaloponza watu. Kitabu cha Alcoholics Anonymous, kilichotoka Marekani mwaka 1939, kinasimulia habari za mfanyabiashara aliyeacha pombe akiwa na miaka 30. Alikaa miaka 25 bila tone, akastaafu, akaona sasa anaweza kunywa kama wengine. Baada ya miezi miwili alikuwa hospitalini. Haikupita miaka minne akafa.

Pesa za safari tunazihesabu kila jioni, hata faida ikiwa nzuri (nani asiyezihesabu?). Hili nalo lihesabiwe hivyo hivyo. Mwambie dereva au mwenzako kabla hamjafika mpakani, na simu ya nyumbani ipigwe usiku ule ule wa kusubiri. Nanyi mnaofunga biashara, agizeni fanta kabla mwenzenu hajalazimika kujieleza.