WATU KWANZA, REDIO BAADAYE

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote wa Mabogini,

Mkutano mkuu ujao utazungumza habari ya redio ya dharura. Wengine wanauliza, redio ya nini na simu zimejaa mifukoni? Swali ni zuri, tulijibu.

Sisi tunakaa bondeni. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku kwetu pakavu, mara maji hayo yanatushukia. Mvua za Aprili 2024 hatujazisahau. Kule Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, tope la mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80. Simu inategemea mnara, na mnara unataka umeme. Nguzo zikianguka na betri za mnara zikaisha, simu inabaki kuwa tochi tu.

Redio ya ridhaa, yaani simu ya upepo isiyo ya biashara, haihitaji mnara. Vifaa vyake vinaenea kwenye ndoo moja yenye mfuniko: redio ya masafa mafupi, betri ya volti 12, paneli ndogo ya sola, fyuzi, kamba, daftari na kalamu. Antena ni waya wa mita 20 uliokatwa katikati, mita 10 kila upande, unatundikwa kwenye miti. Ukitundikwa mita 5 hivi kutoka chini, mawimbi ya megahezi 7 yanapanda juu angani na kurudi. Mchana yanaweza kufika Arusha, Tanga hata Dodoma, wala mlima hauyazuii. Kilohezi 7110 ndiyo waliyopatana watu wa redio za ridhaa wa Afrika na Ulaya kwa mambo ya dharura.

Lakini tunasema hivi: tusianze na kununua. Mashine ngapi vijijini zimefungiwa stoo kwa kukosa mtu wa kuziendesha?

Kwanza, tuchague watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, wajifunze.

Pili, waombe leseni TCRA, wapate alama ya wito inayoanzia 5H. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa.

Tatu, tupatane na wenye redio wa mikoa mingine, nani atasikiliza na saa ngapi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Nne, kila mwezi watundike waya, wapime betri, waite na kujibiwa.

Hapo ndipo fedha ya ushirika itoke.

Tena ujumbe uandikwe kabla ya kusemwa: mahali gani, watu wangapi, wanahitaji nini, saa ngapi. Sisi wa kisomo tunajua faida yake. Mtu aliyeshtuka husema "tunakufa" basi, lakini mwenye mtumbwi anataka kujua aelekee wapi.

Kwa hiyo ndugu, njooni mkutanoni na majina ya watu walio tayari kujifunza. Bei ya redio tutaiuliza baadaye.

Katibu