Kabla ya kubuni suluhisho, muulize mama ntilie shida yake

Leo naomba tuweke pembeni kidogo matamko na majibu ya matamko. Nataka tuongelee kitu tunachokisema sana kwenye semina na kukifanya kidogo sana mtaani: kujipanga.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa tatu. Mwaka jana mimi na wenzangu wanne tuliingia kwenye shindano la ujasiriamali jamii chuoni. Kwa lugha nyepesi, ni biashara inayoanzishwa kutatua shida ya watu, na faida yake inarudi kuiendesha kazi hiyo badala ya kumtajirisha mtu mmoja. Tukabuni programu ya simu ya kuagiza chakula kwa mama ntilie. Rangi nzuri, nembo nzuri, slaidi 12. Majaji wakapiga makofi, tukashika nafasi ya pili, vyeti tukapewa.

Wiki iliyofuata tukampelekea habari njema mama anayetuuzia wali maharage nje ya geti la hosteli. Akatusikiliza mpaka mwisho huku anageuza chapati. Kisha akauliza: "Wanangu, nani kawaambia nimekosa wateja? Saa nane sufuria tupu. Shida yangu ni mtaji wa asubuhi. Nachukua kausha damu elfu hamsini, jioni narudisha elfu hamsini na tano. Kila siku."

Aisee, niliona aibu. Slaidi 12, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno kausha damu. Tulibuni kitu kwa ajili ya majaji, mama tukamtumia kama picha ya jalada.

Ubunifu unaanza kwa kuuliza, na ukishauliza, unaangalia watu wanafanya nini kweli. M-Pesa ilipokuwa kwenye majaribio Kenya, kabla haijazinduliwa mwaka 2007, wazo lilikuwa kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Waliobuni hawakuwagombeza. Waliifuata njia ambayo watu wenyewe walishaikanyaga, na leo kila mtu anajua kilichotokea.

Basi na sisi tukarudi kwa mama, safari hii na daftari tupu. Nikamwambia kwamba kuna sheria. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama hakuwahi kuisikia. Alichosikia ni kwamba "ile mikopo ilifungwa". Na hakukosea. Aprili 2023 serikali iliisimamisha, baada ya ripoti za CAG kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine ni hewa. Ikaja kuruhusiwa tena mwaka 2024. Yaani waliokula ni wajanja, waliofungiwa mlango ni mama yule na sufuria yake.

Tukakusanya akina mama wanane. Tukaandika katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, orodha ya wanachama, barua. Tumekwenda ofisini mara nne. Mara mfumo uko chini, mara mhusika yuko kwenye mafunzo, mara fomu imebadilika. Mpaka naandika hapa, mkopo hatujaupata.

Lakini kuna kitu kimetokea tukiwa tunasubiri. Siku ya kikao cha pili tulipiga hesabu pamoja. Riba ya kausha damu kwa siku moja ni shilingi 5,000. Tukasema, tuweke hiyo 5,000 mara moja tu kwa wiki, kwenye sanduku la kufuli tatu, kila funguo kwa mtu wake. Baada ya wiki 10 kila mama alikuwa na 50,000 yake. Ule mtaji wa asubuhi, wote wanane. Watano wameshaachana na kausha damu kabisa. Watatu bado wana madeni ya zamani, tunakwenda nao taratibu.

Utauliza, kwa nini hawakuweka peke yao? Mama mmoja alijibu vizuri: pesa ikiwa ndani kwangu ina ndugu wengi. Kwa hiyo kilichokuwa kinakosekana hapo ni kufuli, watu wa kuishika, na siku ya kikao isiyoahirishwa.

Kuna kamanda aliniambia: "Dada, wewe unafanya kazi ya serikali. Wacha wananchi waone machungu ndipo watabadilika." Sikubaliani naye. Mtu anayedaiwa kila jioni hana muda wa kuhoji bajeti ya halmashauri. Akina mama hawa sasa wanao. Mwezi uliopita walimwita diwani na kumuuliza swali moja: asilimia 4 ya wanawake ya kata hii iko wapi? Sikuwaandikia mimi hilo swali. Diwani ameahidi majibu, na tarehe ya ahadi imeandikwa kwenye muhtasari.

Hii si mpya hapa kwetu. Wakulima wa pamba Usukumani walikuwa wakiibiwa kwenye mizani. Walijipanga kuanzia mizani hiyohiyo, vyama vya msingi vikaungana, na kufikia 1955 walikuwa na shirikisho lao, Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, ambaye naye alikuwa kwenye harakati za kudai uhuru. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Dola haihangaiki kufuta kitu kisicho na nguvu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kwenye tawi lako, tafuta watu wanane wenye shida moja. Waulize kwanza, kisha pangeni siku. Na tafadhali, usitundike bendera yetu kwenye sanduku lao. Kwenye kikundi chetu wamo wenye kadi ya chama tawala, na riba iliwanyonya sawa na wengine. Kazi ikionekana, wataulizana wenyewe nani alikuja na daftari.

Sisi kikao chetu ni Alhamisi saa kumi na moja jioni, sufuria zikishaoshwa. Ofisini tunarudi Jumatatu, mara ya tano, na safari hii tunakwenda wote.