Chuo Kilihamishiwa kwa Bibi

Kuna sentensi moja nimeichoka: "Tulichukua hatua mapema, tukafunga vyuo." Nimeisikia kwenye makongamano, na juzi nimeikuta kwenye insha ya mtu ninayemheshimu kabisa. Kila nikiisikia, naikumbuka Mbagala Rangi Tatu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, wakati huo mbunge wa Ruangwa, huku huku kwetu Lindi, akatangaza vyuo vifungwe. Uamuzi wenyewe siupingi. Ninachopinga ni kujipongeza kana kwamba kazi iliishia hapo. Sisi wanafunzi hatukuyeyuka. Tulifunga mabegi, tukatoka kwenye vyumba vya watu wanne ambavyo tulikuwa tukilala sita, maana kila aliyesoma chuo nchi hii anajua kubebana ni nini, tukajazana kwenye mabasi. La kwetu wa Kilwa lilikuwa na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya mvua. Tukavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, nikashuka Nangurukuru, nikadandia gari ya Masoko. Usiku ule nilimwamkia bibi yangu kwa kumbusu mkono.

Chuo hakikufungwa, jamani. Kilihamishiwa kwa bibi.

Hakuna aliyetuuliza getini: unakwenda wapi? Unaishi na nani? Kuna mzee ndani? Una chumba cha kukaa peke yako siku kumi na nne? Tulihesabiwa tulipokuwa tunarudisha funguo tu.

Na si kwamba pwani hii haikuwa na la kutufundisha. Richard Burton alifika Kilwa mwaka 1859 akakuta kipindupindu kinafyeka watu, akaandika habari zake katika kitabu chake juu ya Zanzibar kilichotoka 1872. Miaka minne baadaye James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, akachapisha kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, akiufuata ugonjwa kwenye njia za misafara na majahazi. Gonjwa husafiri na wasafiri. Bibi yangu hakuvisoma vitabu hivyo, lakini siku ya pili aliniambia: "Mjukuu wangu, ungekuwa umekuja na ndui, ningekujengea kibanda." Akanieleza jinsi zamani mgonjwa wa ndui alivyotengwa pembeni ya kijiji, akihudumiwa na mtu aliyekwisha kuugua akapona. Hakufukuzwa wala hakufichwa. Alipewa mahali pake, chakula na mtu wa kumwangalia.

Tarehe 1 Juni 2020 vyuo vikafunguliwa. Tukakuta ndoo za maji na sabuni kila mlango, jambo jema, na usiku tukalala sita vilevile. Takwimu za taifa zilikuwa zimesimama tangu mapema Mei: wagonjwa 509, vifo 21. Ugonjwa nao ukapoteza jina, ukaitwa "changamoto ya upumuaji". Sisi tunaopenda maneno tulipaswa kupiga kelele hapo, tukanyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Huwezi kumwambia mwenzako ajitenge kwa sababu ya changamoto. Changamoto watu huipambania, wanakwenda nayo darasani.

Februari 2021 nilirudi Kilwa kwa siku chache, nikiwa na kikohozi ambacho bwenini kila mtu alikuwa nacho. Bibi akaanza kuumwa wiki iliyofuata. Hakupimwa korona. Kwenye karatasi iliandikwa nimonia. Tulimzika siku ileile, kama ilivyo ada. Kama ni mimi niliyempelekea, sijui, wala sitajua kamwe.

Sasa utaniambia vyuo havina hela. Sawa. Hebu tuorodheshe yasiyohitaji hela nyingi. Hesabuni wanaolala bwenini kweli, si walioandikwa, na muahidi kwamba anayebebwa hataadhibiwa, kwa sababu anayeogopa adhabu hujificha, na aliyejificha halindwi. Tengeni vyumba vichache vyenye maji, na mtu maalumu wa kuwapelekea wagonjwa chakula. Siku ya kufunga, ulizeni kila mwanafunzi anarudi kwa nani, na ambaye nyumbani kuna mzee na hakuna chumba, abaki. Na ugonjwa uitwe kwa jina lake tangu siku ya kwanza, kwenye mbao za matangazo na kwenye vipaza sauti.

Wengine watasema yameisha, tuyaache. Kipindupindu nacho kiliisha 1859, kikarudi miaka kumi baadaye.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Lindi. Nimefurahi, tumesubiri sana. Vijana wa Kilwa, Nachingwea na Liwale watasoma karibu na kwao, na wengi wataweza kurudi nyumbani kila mwisho wa wiki, wakiwa na nguo chafu, njaa, na chochote kinachozunguka bwenini. Kwa hiyo kabla hatujaalikwa kupiga makofi kwenye uzinduzi, nina swali moja kwa wenye ramani ya majengo. Kumbi za mihadhara nimezisikia. Maabara nimezisikia. Kibanda kiko wapi?